Mtoto Aliyezaliwa Mama Mkwe

— Paukwa!

— Pakawa!

— Pakawa chungu jikoni.

— Kina nini?

— Kina mvuke. Nyama mtaikuta mbele, kama Bi Kidawa kawabakizieni.

Haya, sogeeni. Wewe unayepiga miayo funga mdomo, uongo wangu una mabawa, utakuingia.

Hadithi hii sikusimuliwa na mtu. Nimeiona mwenyewe kwa macho haya mawili, na la tatu niliazima kwa jirani. Sikio nililibandika kwenye dirisha la wavu mpaka likatoka na vimiraba. Msimuulize mwalimu, hajui. Mimi nilisoma mpaka darasa la pili, nikaona walimu wanaanza kujirudia, nikawaachia shule yao.

Hapo zamani, zamani ambayo mawe yalikuwa bado laini na mimi nilikuwa tayari nina ndevu, palikuwa na kijiji kinaitwa Nduleleni. Hapo Nduleleni alikaa Kibwana na mkewe Sikudhani. Sikudhani akajifungua mtoto wa kike, mtoto wa kwanza. Jamani, sauti. Mtoto akilia hapa, nazi zinadondoka mbichi kijiji cha tatu. Akilia tena, mbuzi wanasimama wanasikiliza kama wako mkutanoni.

Sasa desturi mnaijua. Mzazi hukaa ndani mpaka arobaini. Hafagii, hachoti maji, hashiki mwiko. Kazi zake tatu: kula, kulala, kunyonyesha. Na wa kumtunza ni mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa Bi Kidawa, mama yake Kibwana. Akaja na kanga zake, akaja na ushauri wake, akaja na kiti chake cha uvivu. Akakitega katikati ya chumba cha mzazi kama mtu anayetega mtego wa panya. Akakaa. Akakaa. Akakaa mpaka kiti kikaanza kumwita mama.

Kibwana akachinja jogoo kwa ajili ya mkewe. Chungu kikachemka, harufu ikajaa nyumba nzima. Sikudhani akanyoosha mkono.

"Ngoja, mwanangu," Bi Kidawa akasema. "Mzazi hali paja. Akila paja mtoto atachelewa kutembea. Hebu nikuonjee chumvi."

Akaonja chumvi. Akaonja chumvi mpaka kwenye uboho.

Kesho yake Kibwana akachinja jogoo wa pili. Sikudhani akanyoosha mkono.

"Ngoja, mwanangu. Mzazi hali kidari. Akila kidari mtoto atashikwa na kifua. Hebu nikuonjee chumvi."

Akaonja.

Akachinjwa jogoo wa tatu. Huyo jogoo alikuwa mkubwa, kichinjio kilikuwa shoka. Sikudhani hakunyoosha mkono tena, alinyoosha shingo tu.

"Mama, sasa nile nini?"

"Firigisi huli, mtoto atakuwa na roho ngumu. Bawa huli, atakuwa mzururaji. Wewe kunywa mchuzi, mwanangu, nguvu yote imo kwenye mchuzi."

"Mchuzi uko wapi?"

Bi Kidawa akachungulia chunguni. "Ulikuwa na chumvi kidogo," akasema. "Nikaonja tena."

Basi Sikudhani akawa anamwimbia mtoto wimbo wake. Nikianza mniitikie, msiniache peke yangu kama bubu:

*Lala mwanangu, lala,*
*kuku kaingia chungu.*
*Kaacha harufu!*
*Lala mwanangu, lala,*
*kuku katoka chungu.*
*Kaacha harufu!*

Lakini mtoto hashibi harufu. Maziwa hayatoki kwa ushauri. Sikudhani akakonda, akakonda mpaka akisimama mlangoni jua linapita moja kwa moja, halijui kama kuna mtu. Mtoto anavuta ziwa, anapata upepo. Anavuta la pili, anapata upepo. Anaachia mdomo, anapiga ukelele mpaka nazi puu.

Sikudhani akamwambia mumewe: "Kibwana, nina njaa."

"Njaa ya nini, na majogoo watatu wameingia chumba hiki?"

"Wameingia, ndiyo. Mimi mwenyewe nimewaona wakipita."

"Msikilize mama. Mama anajua." Akaenda zake kucheza bao. Huyo Kibwana alikuwa hodari wa mambo mawili: kuchinja na kusema mama anajua.

Wageni nao hao, wanaingia kumwona mtoto. Mmoja kaleta sabuni, kumi wameleta matumbo. Wanamwinamia mtoto. "Pua ya kwetu hii." "Masikio ya marehemu shangazi, hayo hayo." "Tazama anavyokunja uso, babu mtupu." Wanakula, wanafuta midomo, wanauliza: "Mbona analia hivyo?"

Bi Kidawa hujibu kutoka kitini: "Analilia jina."

Na hapo hakudanganya, maana ndivyo Nduleleni walivyoamini, na hata nyinyi bibi zenu wanaamini, msinikodolee macho. Mtoto asiyenyamaza kuna marehemu wa ukoo anataka kurudi kwa jina lake. Basi ndugu hukaa, hutaja majina ya waliotangulia, moja moja. Jina ambalo mtoto atanyamazia, hilo ndilo. Na mtoto akishalipata anakuwa ndiye. Kama ni jina la babu yako, unamwita babu na unamwamkia. Hayo si mchezo.

Sikudhani akasikia, akawaza moyoni: mwanangu halilii jina, analilia paja. Lakini nani atamsikiliza mzazi?

Siku ya kutaja majina ikapangwa. Asubuhi yake Kibwana akachinja, chungu kikabandikwa jikoni, na Bi Kidawa akainuka kitini kwenda kuita watu nyumba kwa nyumba. Kuinuka kwake nako kulikuwa sherehe, vijana walisimama wakashangilia.

Sikudhani akabaki na chungu. Chungu kikamtazama. Akakitazama. Akala paja. Akala paja la pili. Akala kidari, bawa, firigisi, akanywa mchuzi, akalamba mwiko, angekula na jiwe la jiko kama lingekuwa limeiva. Haikupita muda maziwa yakaja. Yalikuja kwa kishindo, nilipokuwa dirishani nilidhani mvua.

Bi Kidawa akarudi, akafunua chungu. "Kuku yuko wapi?"

"Nilikuwa namwonjea chumvi, mama."

Bi Kidawa alifungua mdomo, lakini wageni walikuwa wameshafika mlangoni, na huwezi kugombana na mkamwana kwa sababu kala chakula chake mbele za watu. Akameza maneno. Ndicho pekee alichomeza siku ile.

Watu wakakaa. Sikudhani yuko mkekani, kajitanda kanga mbili, mtoto kifuani analia. Pembeni, kwenye kigoda, yuko mzee Pazi, mumewe Bi Kidawa, baba yake Kibwana. Mzee kiziwi wa nusu, anasinzia. Bi Kidawa kitini kwake akaanza, maana alikuwa na jina alilolitamani siku nyingi, jina la mama yake mzazi.

"Semeni!"

Ngaa, ngaa, mtoto akalia.

Shangazi mmoja akataja jina la dada yake. Ngaa. Jirani, ambaye hata ukoo hahusiki, akataja la mjomba wake. Ngaa, ngaa.

Sikudhani akapiga hesabu za kichwani. Akirudi Semeni, Bi Kidawa atakuwa anakula na mama yake, watakuwa wawili, mimi hata harufu sitaipata. Akageuza macho akamwona mzee Pazi. Akamsogelea taratibu.

"Baba, samahani. Hivi mama yako mzazi, Mungu amrehemu, alikuwa anaitwa nani?"

"Eeh?"

"Mama yako. Jina lake."

Na viziwi mnawajua, wao hudhani wote ni viziwi. Mzee akapaza sauti ikatikisa paa: "Mwatumu!"

Chini ya kanga Sikudhani akamtia mtoto ziwa mdomoni. Kimya. Kimya ambacho ungesikia sisimizi anavyotembea, tena anavyofikiri.

Watu wakatazamana. Hakuna aliyekuwa amethubutu kutaja jina lile. Bi Mwatumu alikuwa mama yake mzee Pazi, kwa hiyo alikuwa mama mkwe wake Bi Kidawa, na alikuwa mama mkwe kweli. Huyo bibi alikuwa akikohoa, kuku wanataga haraka haraka ili wasionekane wazembe. Fisi akikutana naye njiani anaamkia. Miaka aliyoishi bibi huyo, Bi Kidawa hakuwahi kukaa juu ya kiti mbele yake. Hakuwahi kutafuna mbele yake. Hakuwahi kumpa mgongo, alikuwa anatoka chumbani kinyumenyume kama kaa.

Miguu ya Bi Kidawa ilikumbuka kabla ya kichwa. Akajikuta ameteremka kitini. Akajikuta amevua kandambili. Akachuchumaa mbele ya mtoto.

"Shikamoo, mama."

Mtoto akaachia ziwa, akacheua.

"Marahaba," mzee Pazi akatafsiri, machozi yanamtoka. "Mama yangu amerudi. Haijabadilika hata sauti."

Basi hapo ndipo enzi ya Bi Mwatumu ilipoanza upya, na mkalimani wake akawa Sikudhani.

Mtoto akilia, mzee Pazi anakuja mbio: "Mama anasemaje?"

"Anasema kuna mtu yuko kitini na yeye yuko chini mkekani."

"Kidawa, toa kiti chako."

Kiti kikatolewa.

Mtoto akilia tena: "Mama anasemaje?"

"Anasema kuna mtu anatafuna mbele yake."

"Kidawa, hata aibu huna? Mbele ya mama?"

Bi Kidawa akawa anapika, anapakua, anatoka kinyumenyume. Na mtoto yuko chumbani, na kuku anakwenda chumbani, basi kuku akawa wa Sikudhani, kuanzia kilemba mpaka kucha.

Mtoto akilia mara ya tatu: "Mama anasemaje?"

"Anasema kuni zimekwisha, na maji, na ua haujafagiwa. Anasema zamani ua huu ulikuwa haupati jani."

"Ni kweli," mzee Pazi akasema. "Kidawa, unakumbuka?"

"Nakumbuka," Bi Kidawa akasema, na fagio mkononi.

Wimbo nao ukabadilika, itikieni:

*Lala mkwe wa watu, lala,*
*kuku kaingia chungu.*
*Hakuacha harufu!*

Sikudhani akanenepa mpaka mlango ukabidi upanuliwe. Maziwa yakawa mengi, paka wa jirani akahamia. Na binadamu akishiba, nyie, huanza kutafuta pa kuwashwa. Siku moja akasema, "Mama mkwe wako anataka ndizi za kukaanga."

Bi Kidawa akainua uso. "Kwa meno yapi?"

"Anataka kunusa tu. Kula nitamsaidia."

Bi Kidawa akakaanga ndizi. Lakini safari hii, alipozileta, aliangalia ile kanga ya Sikudhani kwa muda mrefu.

Arobaini ikafika. Sikudhani akaoga, akajipaka wanja, akafunga kibindo chake. Alikuwa na hamu moja tu, hamu iliyokuwa inamuuma kuliko njaa ya zamani. Mama yake mzazi alikuwa Mikoroshini, mgonjwa wa miguu, hawezi kutembea, mjukuu hajamtia machoni. Na desturi yenyewe ndiyo hiyo, arobaini ikitoka mzazi anakwenda kwao kuonyesha mtoto. Akambeba mtoto mgongoni. Akafika mlangoni. Mzee Pazi kasimama, mikono kaitanua.

"Unakwenda wapi?"

"Kwetu, baba. Kumwonyesha mama mtoto."

"Nenda salama, mwanangu. Wasalimie sana. Ila mama yangu nikabidhi."

"Baba?"

"Mama yangu alizikwa ua huu, amerudi ua huu. Haendi kutangatanga Mikoroshini kwa watu asiowajua."

"Atanyonya nini, baba?"

Mzee akafikiri. "Mama alikuwa anapenda sana ugali wa mtama."

Sikudhani akageuka. Akamtazama mumewe. "Kibwana, sema basi."

Kibwana akajikuna kisogo. "Baba anajua," akasema.

Mnaona? Mtu akipanda juu ya mti kwa uongo, kushuka ni lazima aombe ngazi. Mtoto akavuliwa mgongoni, mzee Pazi akampakata, akaanza kumsimulia mama yake mambo yote yaliyotokea tangu afe, kuanzia bei ya chumvi. Sikudhani akaenda jikoni, akakaa kwenye majivu, akalia.

Bi Kidawa alikuwa anachochea moto. Hakugeuka.

"Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole," akasema.

"Najua, mama."

"Unadhani sikuliona ziwa chini ya kanga? Mimi nimenyonyesha saba, binti. Mtoto anayenyamazia jina mabega hayampandi na kumshuka hivyo. Yule alikuwa anameza."

Sikudhani akafuta macho. "Sasa kama ulijua, mbona ulichuchumaa?"

"Mzee alikuwa ananitazama. Na kijiji kizima. Ningesema nini? Simtaki mama mkwe?" Akapuliza moto. "Magoti haya, mwanangu. Magoti haya yalidhani yamemaliza."

Chumbani mzee Pazi alikuwa amefika kwenye habari za ng'ombe.

"Akimpa ugali wa mtama mwanangu ataumia," Sikudhani akasema.

"Ataumia. Mzee wangu mkaidi, ukimbishia anaongeza." Bi Kidawa akageuka sasa. "Unataka nini?"

"Mwanangu na njia."

"Mimi nataka kiti changu. Na paja."

"Paja moja, mama. Lingine la mzazi."

Bi Kidawa alitaka kubisha, akasukuma kuni motoni. "Haya, moja," akasema. "Na jina la mama yangu."

Basi wakangoja. Mtoto akakaa bila kunyonya kidogo, kidogo tu, siyo kwa kumwonea. Akaanza kulia. Nazi puu, mbuzi wakasimama. Mzee Pazi kampakata, anamtikisa.

"Mama, una nini? Mama, nani kakuudhi?"

Wanawake wawili wakaingia. Bi Kidawa akainamisha kichwa, akatega sikio kama fundi wa redio.

"Huyu analilia jina tena," akasema. "Kuna mwingine kamsukuma."

"Nani amsukume mama yangu?"

"Mjaribu."

"Mwatumu," mzee akaita. Ngaa. "Mwatumu." Ngaa, ngaa. "Mama, ni mimi Pazi wako. Mwatumu." Mtoto akapasua anga, tawi la mkorosho likakatika, mtu asiniambie halikukatika, kuni zake nilipikia chai.

Sikudhani akapiga magoti kando ya mzee, akamwinamia mtoto aliye mapajani pale pale, akamfunika na kanga. Bi Kidawa akatamka polepole, kama anayetia chumvi:

"Semeni."

Kimya.

Sasa ngojeni niwaambie kimya kile kilikuwa na maana gani. Bi Semeni ni mama yake Bi Kidawa. Kwa hiyo kwa mzee Pazi, Bi Semeni ni nani? Semeni nyinyi. Ndiyo. Mama mkwe. Na mwanamume wa Nduleleni mama mkwe wake hamtazami usoni. Wakati Bi Semeni yuko hai, mzee Pazi akimwona njiani anaingia porini. Siku moja aliingia kwenye shimo la nungunungu, akakaa humo kutwa, wakatoka marafiki.

Mzee akatazama mikono yake. Mikono imempakata mama mkwe wake. Tangu dunia iumbwe hakuna mwanamume aliyepakata mama mkwe.

Alimtua mtoto mkekani kama anatua yai la moto, akajifunika uso kwa kofia, akatafuta mlango akaukosa, akatoka na dirisha pamoja na wavu wake. Akasimama uani, mgongo kageuzia nyumba.

"Mpelekeni," akasema. "Mpelekeni Mikoroshini, akae huko hata mwaka. Mimi nitazunguka nyuma ya choo mpaka mpite."

Sikudhani akambeba mwanawe, akaondoka. Bi Kidawa alimsindikiza mpaka njia panda, akarudi, akakirudisha kiti chake mahali pake, akakaa. Alikula paja lake moja. Shahidi ni mimi.

Mikoroshini mama yake Sikudhani alikuwa kitandani, miguu imevimba, mikono mizima. Akampokea mjukuu, akamnusa, akamkumbatia, machozi yakamtoka. Halafu akafanya jambo ambalo Nduleleni nzima, wageni wote wa pua na masikio, mtaja majina na mchinja majogoo, hakuna aliyelifanya tangu mtoto azaliwe. Akasema, "Huyu kalowa," akafungua nepi.

Akatazama. Akamtazama bintiye.

"Unasema wanamwita nani?"

"Kwanza Bi Mwatumu. Sasa Bi Semeni."

"Sikudhani, mwanangu. Huko hakuna aliyembadilisha huyu hata siku moja?"

"Nani ambadilishe, mama? Mimi mzazi kazi zangu zilikuwa tatu, na wengine wote walikuwa na kazi ya kumwamkia."

Na hapo ndipo inabidi na mimi nikiri, maana mmeshaanza kucheka. Niliwaambia mtoto wa kike. Mengine yote ni kweli tupu, na nazi, na mlango, na nungunungu. Hilo moja nililitunga, nanyi mkalimeza bila kutafuna. Mkunga alitoka akasema "kazaliwa, mzima", na Kiswahili chetu hakibagui, kazaliwa ni kazaliwa. Waliobaki walijijazia wenyewe. Alikuwa dume.

Hadithi yangu imefika ukingoni, nami naitua hapa. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni, nitaiongezea chumvi.